Siku 30 Bila Sukari Nyumbani Kwetu

Leo nimeiweka tarakilishi kando, ingawa mtaona kwamba mtu aliyezoea kuandika programu haachi tabia zake hata akiingia jikoni. Nataka kuwaeleza jinsi familia yetu hapa Mombasa ilivyoipumzisha sukari kwa siku 30, na kwa nini.

Mama ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa pili sasa. Tangu apimwe, jikoni mwetu kukawa na vyombo viwili: sufuria kubwa ya chai ya watu wote, na kibirika kidogo cha strungi yake isiyotiwa kitu. Kikombe chake nacho kikapata jina, "kile cha mgonjwa". Hakulalamika hata siku moja. Ila polepole alianza kunywa chai yake alfajiri, peke yake, kabla hatujaamka. Dada yangu ndiye aliyeliona jambo hili, akalisema mbele ya Baba: "Mama amekuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe."

Baba hakujibu palepale. Kesho yake akatangaza kwamba nyumba nzima itakunywa chai kama ya Mama kwa mwezi mmoja.

Mimi nikaomba kwanza tupime, maana huwezi kusema programu imekuwa nyepesi kama hukujua uzito wake wa awali. Kwa wiki nne niliandika kwenye pakiti ya sukari tarehe iliyofunguliwa na tarehe iliyokwisha. Hesabu ilikuwa rahisi: pakiti ya kilo 2 ilitutosha siku 8. Hiyo ni gramu 250 kwa siku. Tukimtoa Mama tunabaki watumiaji watano, kwa hiyo kila mmoja alipata gramu 50, karibu vijiko 12 vya chai!

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 50 na gramu 25. Yaani sisi tulikuwa tumeshafika kwenye dari kwa pakiti ya nyumbani tu, kabla ya kuhesabu soda ya nje, ambayo chupa yake ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30. Na mmoja wa hao watano ni mpwa wangu wa miaka minane, ambaye mwili wake unahitaji kalori chache kuliko wetu.

Sasa jiulize, ni nani aliyeamua tule vijiko 12? Hakuna. Katika programu kuna kitu tunachokiita chaguo-msingi: kile kinachofanyika mtumiaji asipochagua lolote. Watumiaji wengi hawakibadilishi kamwe. Nyumbani kwetu chaguo-msingi lilikuwa kwenye sufuria. Sukari ilipikwa pamoja na majani na maziwa, na ilipofika mezani hakuna aliyeweza kuitoa. Ndiyo maana njia pekee ya Mama ilikuwa kujitenga na kibirika chake.

Tukaweka masharti. Sukari ya pakiti, asali, soda na sharubati, hapana. Tunda zima, ruhusa. Mdogo wangu alitafuta mwanya mara moja, kama kila mtumiaji anavyofanya: akaja na mchuzi wa nyanya wa chupa, eti hiyo ni nyanya. Tukasoma kibandiko pamoja. Viungo huorodheshwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kwanza, na sukari ilikuwa ya tatu. Chupa ikarudi kabatini.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Baba alilalamika kichwa, na mpwa wangu akaikataa chai akataka maji. Shangazi alipokuja kututembelea tulikuwa na wasiwasi zaidi, kwa sababu kwetu kumpa mgeni chai isiyo na sukari ni kama kumwambia aondoke. Mama ndiye aliyetuokoa. Alipika kahawa chungu yenye tangawizi na kuileta na sahani ya tende. Shangazi alikunywa vikombe vitatu wala hakuuliza sukari iko wapi. Kumbe wazee wetu walishakuwa na kinywaji kisichotiwa sukari, nasi tulikuwa tukikiona kila siku barazani.

Kuna sukari moja tu tuliyoibakiza, na hii ndiyo sehemu ninayotaka msome kwa makini. Mama anatumia dawa ambazo zinaweza kuishusha sukari ya damu kupita kiasi, kwa hiyo kabla ya kuanza tulimwona daktari wake. Akatuagiza tuweke kopo dogo mahali ambapo kila mtu anapajua. Siku ya 19 chakula cha jioni kilichelewa. Mama akaanza kutoka jasho na mikono ikamtetemeka. Mashine ya kupimia ilionyesha 3.4, na chini ya 4 ni hatari. Baba akakoroga vijiko vinne katika maji, akamshikia glasi mpaka akamaliza. Baada ya dakika 15 tulipima tena: 4.7. Akapewa chakula, nasi tukaanza kupumua. Yeye akatutazama akacheka: "Nyumba nzima mmeikimbia sukari, mkaniachia mimi mgonjwa wa sukari!"

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa anayetumia dawa, usibadilishe chakula chake kabla ya kumwuliza daktari, na usiimalize sukari yote nyumbani.

Je, Mama amepata nafuu? Sijui bado, na sitawadanganya. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu huangalia miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo data ya mwezi mmoja haitoshi. Tena wali, ugali na mahamri nayo hugeuka sukari mwilini, hata ukinywa chai chungu namna gani. Ninachokijua ni kwamba haamki tena alfajiri kunywa peke yake. Anakunywa nasi, kutoka sufuria moja, na jina la kile kikombe limesahaulika.

Siku 30 zimekwisha. Hatukuapa kuiacha sukari maisha. Tumebadilisha chaguo-msingi tu: chai hupikwa bila sukari, yenye iliki na tangawizi, na sukari hukaa mezani kwa anayeitaka. Baba hutia kijiko kimoja, zamani alikuwa mtu wa vitatu. Pakiti ya sasa ina siku 23 na bado haijakwisha.

Ukitaka kujaribu kwako, anza na kalamu. Andika tarehe kwenye pakiti utakayoifungua, ugawanye kwa watu na siku, uone jibu. Halafu angalia ni nani nyumbani anayekunywa chai peke yake.