Fumbo la Tisa

Nimepotea kwa wiki kadhaa, na safari hii sababu si kazi wala stima kupotea huku kwetu Kibera. Sababu ni faili moja ya mistari ishirini, niliyoiandaa kwa nusu saa kisha nikaiamini kuliko nilivyomwamini mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Siku za kazi mimi huandika programu za watu wa mjini. Jumamosi huwafunza watoto chesi katika ukumbi wa mabati pale Makina. (Najua kamusi inasema sataranji. Mwite mtoto wa Laini Saba mkacheze sataranji, uone kama atakuja.) Juzi tulipata nauli na chakula cha watoto wanne kwenda kwenye shindano mjini. Waliotaka kwenda walikuwa kumi na mmoja. Mimi na digrii yangu ya kompyuta nikasema tusipendelee mtu: nitawapa mafumbo ishirini, mashine isahihishe, wanne wa juu waende.

Wazo lenyewe si baya, wala si langu. Wanaotengeneza programu za chesi huzipima hivyo tangu zamani. Unaipa programu ubao wenye kete mahali fulani, unaipa muda, tuseme sekunde kumi, halafu unatazama kama imechagua hatua iliyo kwenye majibu. Mwaka 1982 Danny Kopec na Ivan Bratko walitoa mtihani wa mafumbo 24, wakawapima nao watu na kompyuta vilevile. Mkusanyiko uliovuma zaidi una mafumbo 300, kutoka kitabu cha Mmarekani Fred Reinfeld kiitwacho Win at Chess. Kila fumbo huwekwa katika mstari mmoja wa maandishi: kila kete iko wapi, zamu ni ya nani, halafu herufi bm, na mbele yake hatua iliyo bora.

Kwa mwandishi wa programu hiyo ni raha tupu. Soma mstari, pata jibu, linganisha herufi kwa herufi. Zikifanana, alama moja. Zisipofanana, sifuri. Hakuna kujadiliana.

Na kuna mafumbo yanayostahili ukali huo. Chukua la pili katika yale 300. Mweusi anaitoa ngome yake nzima ili ale poni, yule askari mdogo, iliyoko b2. Ukitazama hatua mbili tatu mbele unaona hasara. Ukitazama mbali zaidi unaona poni mbili nyeusi bega kwa bega, kila moja imebakiza hatua mbili kufika mwisho wa ubao, na ngome ya mweupe haiwezi kuzizuia zote. Programu inayocheza hivyo haikubahatisha.

Mafumbo yangu sikuyatoa kwa Reinfeld. Niliyapanga mwenyewe, mengine kutoka michezo ya watoto hao hao, na majibu nikaiachia Stockfish, programu ya bure ambayo hakuna binadamu anayeiweza. Niliandika skripti fupi: kwa kila fumbo iulize Stockfish hatua bora, iiandike mbele ya bm. Nikalala.

Sasa tazama fumbo la tisa. Mfalme mweupe yuko e6, poni yake e5, mfalme mweusi e8. Kete tatu tu ubaoni. Zamu ya mweupe, ashinde. Jibu kwenye faili: mfalme aende d6.

Kama una ubao karibu, zipange. Mfalme akienda d6, mweusi anahamia d8 kumkabili, poni inapanda e6, mweusi anarudi e8, poni inafika e7, mweusi analazimika kwenda f7, mfalme mweupe anaingia d7, na poni inakuwa malkia. Sasa ugeuze ubao kama unavyojitazama kwenye kioo. Mfalme aende f6 badala ya d6. Kila kitu ni kile kile, kushoto kumekuwa kulia.

Msichana mmoja aliandika f6. Skripti ikampa sifuri. Akaja na karatasi yake hadi mezani.

"Kocha, si zote mbili zinashinda?"

Nyuma yake kulikuwa na watoto kumi wakisubiri majina. Nilimwambia kompyuta imesema d6. Hakubisha. Alikunja karatasi, akaiweka mfukoni mwa sweta. Alikuwa na alama 13. Mtoto wa nne alikuwa na 14.

Shindano likaja, likapita. Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani nikijaribu injini yangu ndogo ya chesi, ile ninayoiunda polepole, na kwa kuwa faili ilikuwa karibu niliipa mafumbo hayo hayo ishirini. Ikakosa la tisa. Nilikaa saa nzima nikitafuta kosa. Nilipitia kodi mstari kwa mstari, nikachora ubao, nikacheza pande zote mbili kwa mkono. Kosa halikuwepo. Injini ilikuwa imejibu f6.

Injini yangu ilipokosa niliipa saa nzima. Mtoto alipokosa sikumpa hata dakika moja.

Mnajua kwa nini d6 ndiyo iliyokuwa "sahihi"? Kwa kawaida injini ikiona hatua mbili zenye thamani sawa, hubaki na ile iliyotangulia kuikagua. Ya pili haiipindui ya kwanza mpaka iizidi. Kwa hiyo kiti cha basi kiliamuliwa na mpangilio wa orodha ndani ya kitanzi cha programu.

Nikayakagua yote ishirini upya, safari hii nikiiambia Stockfish inionyeshe hatua tatu bora kwa kila fumbo. Mafumbo matatu yalikuwa na majibu mawili. La kumi na nne lilikuwa chekimeti ya hatua moja: unaweza kumaliza kwa malkia au kwa ngome. Msichana yule alimaliza kwa ngome, na faili ilitaka malkia. Alama zake halisi zilikuwa 15. Za wanne waliosafiri hazikubadilika.

Kinachoniudhi ni kwamba haya yote yalikuwa yanajulikana. Mstari wa bm unaruhusu hatua zaidi ya moja, na mafumbo ya Reinfeld yenyewe yamekuwa yakirekebishwa kompyuta zilipogundua njia asizoziandika. Kopec na Bratko walitoa hata alama za sehemu: programu ikiiweka hatua sahihi nafasi ya pili katika chaguo zake, inapata nusu. Lichess hukubali chekimeti yoyote pale fumbo linapoisha kwa chekimeti. Na ubao wenye kete saba au chini ya hapo hauhitaji hata maoni ya injini, kwa maana majedwali yaliyokokotolewa kikamilifu yapo na yanasema wazi: ushindi, sare au kushindwa. Kete zangu zilikuwa tatu!

Sijamaliza kurekebisha. Hatua moja ikikupa malkia wa bure na nyingine ngome ya bure, zote zinashinda. Nimpe alama aliyechukua ngome? Kwa sasa nampa. Mwenzangu kazini anasema nalegeza mtihani, na huenda ana haki.

Nilienda kwao Lindi jioni ya Jumatatu. Mamake alikuwa anapika chapati za kuuza. Nikamweleza yote, injini, orodha, kioo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo alikuwa amepita?"

"Alikuwa amepita, mama."

Akageuza chapati. Msichana alikuwa ndani akifanya kazi ya shule, na hakutoka.

Alirudi ukumbini baada ya Jumamosi tatu. Hakutaja mtihani. Alipanga zile kete tatu za fumbo la tisa, akazitazama, kisha akazisukuma zote hadi ukingoni: poni a5, mfalme wake a6, mfalme mweusi a8.

"Na hapa, kocha?"

"Hapa ni sare. Ukingoni mfalme mweusi hatoki kwenye kona."

Akafikiria kidogo. "Umeangalia, ama ni kompyuta imesema?"

Tukaketi, tukaicheza.