Utani Wenye Jina

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugali wetu wa chuoni ulikuwa wa njano, wa mahindi ya msaada kutoka Marekani, nasi tuliuita Yanga kwa rangi yake. Pale chuo cha ualimu, Shinyanga, mashabiki wa Simba walikaa meza moja wakitangaza kwamba leo wanaimeza Yanga tonge kwa tonge. Wa Yanga wakajibu, "Shukuruni kwanza, bila sisi mngelala njaa!" Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha, sukari na sabuni hazionekani, lakini bwalo lilicheka. Naamini kicheko kile kiliwazuia wengi wetu kutoroka.

Mcheshi wetu mkubwa alikuwa Mzaramo. Watu wa kwetu, Wasukuma na Wanyamwezi, walijenga utani na Wazaramo tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, kwa hiyo alikuwa na haki zote. Alidai sisi tunawasalimia ng'ombe "mwangaluka" kabla ya wazazi, na aliicheka michembe yetu huku akiitafuna. Baba yangu alipofariki alikuja hadi kijijini, akaketi ukingoni mwa kaburi na kugoma kabisa: hazikwi mtu mpaka alipwe kuku. Mama, aliyekuwa hajatamka neno tangu juzi, akacheka. Kuku alilipwa. Kisha mtani yule yule akashika jembe, akafukia hadi mwisho. Sijaona huduma kubwa kuliko ile.

Chuoni, Jumamosi tulishindana kwa nyimbo za kejeli, tukiwafuata Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma ya Usukuma yanayojinasibu na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Ukiimbwa leo, wiki ijayo unajibu. Mbinu hiyo niliibeba kazini. Nilipohamia Geita, mwaka ambao mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji, 2000, darasa langu lilikuwa na watoto wa wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, wengine wakishinda kwenye maduara, mashimo ya kuchimbia, badala ya shuleni. Niliwagawa Bagika na Bagalu, wakaimbiana hesabu za sehemu. Aliyekosea aliimbwa, naye alirudi kesho yake ili ajibu. Mahudhurio yalipanda.

Lakini si kila kejeli ilikuwa na wa kujibiwa: Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na Mzee Punch. Huyo aliandika ukutani usiku, akichora na kudhalilisha, hasa wasichana, wala hakuna aliyejua wa kumjibu. Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kusumbuliwa, na jina la Punch likatajwa. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kililivalia njuga suala lile. Habari ilipotufikia Shinyanga sikulala. Mtani wangu alinitukana mchana, jina lake likijulikana, na msibani alikuja. Punch asingeweza kuja msiba wowote.

Leo ukuta umehamia kwenye simu. Nawaomba wakufunzi wa Shinyanga na Geita: acheni vijana wataniane, waimbiane, wachekane makabila na timu zao hadharani. Ila mkikuta dhihaka isiyo na mwenyewe inamzunguka binti wa watu, ikomesheni siku hiyo hiyo, na mmoja wenu aende kukaa naye.