Nilivyojifunza Kushuka Mlima Kitonga

Mimi ni mkulima na dereva wa lori. Naishi Ilula, Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa. Kwetu tunalima nyanya na vitunguu. Nyanya haingoji. Ikichumwa leo, inatakiwa ifike sokoni Dar es Salaam upesi, na safari ni zaidi ya kilomita 400.

Lori linalotoka kwetu kwenda Dar es Salaam hushuka Mlima Kitonga. Barabara pale imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo. Ukiwa juu unaiona mibuyu ya bonde la Ruaha, midogo kama miche.

Kabla ya kuwa dereva nilikuwa utingo kwa miaka 6. Nilipakia matenga, nilifunga kamba, niliweka gogo nyuma ya tairi gari liliposimama mlimani. Dereva wangu nilimwita Kaka. Alikuwa mtu mwema kwangu. Usiku, kwenye tambarare, alinipa usukani niendeshe. Sikuwa na leseni. Nilijua ni kosa, lakini kijana gani atakataa usukani?

Kaka alinifundisha na jambo jingine. Tukifika kwenye mteremko aliondoa gia. Gari likashuka lenyewe kama jiwe, yeye akilizuia kwa breki tu. Alisema, "Mteremko ni mafuta ya bure." Dizeli aliyodhani ameiokoa aliiuza njiani. Nami alinigawia fedha kidogo. Nilizipokea.

Usiku mmoja mwaka 2011 tulishuka Kitonga hivyo hivyo. Katikati ya mlima nilisikia harufu kama ya mpira unaoungua. Kaka alikanyaga breki, lori halikupungua mwendo. Alijaribu kuingiza gia, ikakataa. Akaliegemeza lori kwenye mwamba. Liliparuza mwamba kwa kelele nisiyoweza kuieleza, kisha likasimama. Sisi tulitoka wazima. Matenga yalimwagika barabarani, na magari mengine yakapita juu ya nyanya. Matenga 40 kati ya hayo yalikuwa ya mama mmoja jirani yetu, mjane.

Kaka aliniambia, "Sema breki zimefeli." Nikamwambia hivyo askari. Nikamwambia hivyo mwenye lori. Nikamwambia hivyo yule mama. Hakupata hata senti.

Mwaka 2014 mke wangu alisema, "Utakuwa utingo mpaka lini?" Tuliuza magunia 9 ya mahindi, nikaenda kusoma udereva Iringa mjini. Nilikuwa na hakika kuwa sina la kujifunza. Nilikwenda kutafuta karatasi tu.

Kwanza tulijifunza alama za barabarani. Alama ya pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Ya duara yenye ukingo mwekundu inakataza. Ya duara ya buluu inaamuru. Tulisoma pia kuwa penye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kwamba lori kubwa halitakiwi kuzidi kilomita 80 hata njia ikiwa nyeupe. Nilikuwa nimeacha kusoma tangu darasa la saba. Jioni nilisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na vijana wa chumbani walinicheka.

Siku ya pili ya mazoezi mwalimu aliniketisha kwenye usukani. Aliwaita wenzangu watano wakasimame nyuma ya lori. Akaniuliza, "Unaona watu wangapi?" Nilitazama kioo cha kulia, nikatazama cha kushoto. Sikumwona hata mmoja. Nilishuka, nikawakuta wote watano wamesimama karibu na tairi za nyuma, wanacheka. Mimi sikucheka. Nilikumbuka mara ngapi nilikuwa nimerudisha lori nyuma sokoni, penye watoto wanaookota nyanya zilizoanguka. Tangu siku ile silirudishi lori nyuma mpaka utingo asimame mahali ninapomwona. Nisipomwona, nasimama.

Tulifundishwa pia breki za upepo. Injini inazungusha kompresa, kompresa inajaza upepo kwenye matangi, na upepo huo ndio unaosukuma breki. Kila ukikanyaga, upepo kidogo unatoka. Ule mlio wa "pshii" unaousikia lori likisimama ndio huo upepo. Asubuhi huondoki mpaka mshale wa upepo umepanda. Yapo mengine mengi ya asubuhi: oili, maji, tairi, taa, kumwaga maji yaliyojikusanya kwenye matangi ya upepo. Mwalimu wetu alikuwa mkali kwa hayo kuliko kwa kuendesha kwenyewe.

Siku ya mtihani ilifika. Walinipima macho, nikafaulu. Waliniuliza alama, nikajibu. Nililirudisha lori nyuma kati ya vigingi bila kugusa kimoja. Nililisimamisha kwenye mwinuko, nikaliondoa bila kurudi nyuma. Hapo wengi hushindwa. Moyoni nikasema, leo nimepata.

Kisha tukaingia barabarani, mkaguzi kando yangu. Tukafika kwenye mteremko mfupi, wala si mkali. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ukaondoa gia.

Mkaguzi akasema, "Simamisha pembeni." Nikasimamisha. Akaniuliza, "Nani alikufundisha hivyo?" Nilinyamaza. Akasema, "Rudi chuoni."

Nilirudi nyumbani kwanza. Kumwambia mke wangu kuwa magunia 9 yamekwenda na leseni haipo kulikuwa kugumu kuliko mtihani. Hakunigombeza. Aliuliza tu nimekosa nini. Nilipomweleza akanitazama sana. Nadhani alielewa habari ya mwaka 2011 kabla sijaisema.

Mwalimu alinichukua peke yangu. Alinionyesha breki zilizofunguliwa, dramu na lainingi zake. Alisema lainingi inashika dramu kwa kusugua, na kusugua kunaleta moto. Ukibana breki mteremko mzima, moto unazidi, na lainingi iliyopata moto mno haishiki tena. Upepo unaweza kuwa umejaa na mguu uko chini, lakini gari linakwenda. Kwa hiyo mlima mkali unashukwa kwa gia kubwa yenye nguvu, namba ya chini. Unaiingiza kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu gari likishashika mwendo huenda gia ikakataa kuingia. Ukiwa na gia, injini ndiyo inayolizuia gari. Breki unaikanyaga mara moja moja tu, mwendo ukizidi, kisha unaiachia ipoe.

Nikamwuliza habari ya dizeli. Akacheka. Alisema ukishuka na gia bila kukanyaga mafuta, gari linaizungusha injini lenyewe, na injini haili dizeli. Ukiondoa gia, injini inabaki inakula kidogo ili isizimike. Basi, kwenye mlima mkali kama ule, tulikuwa tukicheza na roho zetu na nyanya za watu kwa faida ambayo haikuwapo.

Mara ya pili nilifaulu. Polisi walinipa hati ya kuonyesha nimefaulu. Nikaipeleka Mamlaka ya Mapato, nao wakanipa leseni ya daraja E, ya malori.

Mwenye lori aliposikia alinitafuta. Alitaka nichukue lori lile lile. Kabla ya kupokea ufunguo nilimweleza jinsi tulivyoshuka siku ile, na jinsi nilivyosema uongo. Alikaa kimya muda mrefu. Alinipa ufunguo, lakini mshahara wa miezi miwili alinikata nusu. Sikubisha. Kaka wakati huo alikuwa ameshahamia gari la mtu mwingine.

Nilikwenda pia kwa yule mama. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilimweleza yote, nikamwambia nitamlipa matenga yake kidogo kidogo. Alisema, "Kumbe." Akaendelea kupukuchua. Nilimaliza kumlipa mwaka 2016.

Safari yangu ya kwanza kushuka Kitonga nikiwa dereva niliingiza namba mbili kileleni. Lori lilikwenda polepole, injini ikiunguruma. Nyuma yangu magari yalipiga honi. Utingo wangu alisema, "Mzee, tutafika Krismasi." Chini kabisa, penye mibuyu, nilisimama, nikasogeza mkono karibu na dramu. Haikuwa na moto wa kutisha.

Kaka alisikia kuwa nimesema. Kwa miaka kadhaa hatukusalimiana. Siku hizi ameacha udereva, anauza vitunguu kando ya barabara. Mwezi uliopita nilisimama kununua. Alinipimia, akapokea fedha, akaniuliza, "Unashuka na namba ngapi?"

"Mbili, Kaka."

Aliongeza vitunguu viwili kwenye mfuko wangu, akageukia mteja mwingine.