Biskuti za Krismasi na Sahani ya Jirani

Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kutunza maandishi. Yapata miaka kumi na mmoja sasa nafungua na kufunga mafaili katika ofisi moja ya serikali hapa Mombasa, na mtu akitaka barua ya mwaka wa 2015 naweza kumpatia kabla chai yake haijapoa. Lakini mama yangu mzazi alipofariki mwezi wa Machi 2022, niliipekua nyumba nzima kule kwetu Taita nikitafuta karatasi moja tu, yenye vipimo vya biskuti zake za tangawizi, nisiione. Hakupata kuiandika. Alipimia kikombe cha bati kilichong'oka mkono, na kikombe hicho nacho hakikuonekana.

Biskuti zile alifundishwa katika miaka ya 1960, alipokuwa msichana wa shule ya misheni, na bibi mmoja Mwingereza aliyewafunza wasichana kushona na kupika. Zilikuwa nyembamba, ngumu, zenye rangi ya udongo wa kwetu, na ziliwasha ulimi. Kila Desemba alioka mikebe miwili: mmoja wa Baba, na mmoja aliunipelekea mimi kwa basi.

Mkebe wangu ulikuwa na kazi yake. Karibu nasi hapa mtaani hukaa bibi mmoja mtu mzima, Mwislamu, ambaye kila Idi hutuletea sahani ya nankatai. Nanyi mkaao pwani mwajua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Basi kila Krismasi sisi nasi tulimpelekea sahani ya biskuti za Mama. Wale wanawake wawili hawakuonana hata siku moja, lakini kila mmoja aliujua mkono wa mwenzake.

Baba naye, tangu siku ya mazishi, alikuwa mtu wa maneno machache. Mwezi wa Novemba alimwambia dada yangu asinunue chochote cha sikukuu, kwa kuwa yeye hana haja ya Krismasi hii, na ijayo huenda asiione. Dada alinipigia simu akilia. Ndipo nikaazimia kuzioka biskuti mwenyewe. Najua wapo wanaume watakaocheka. Ofisini walikwisha kucheka, hata mkuu wetu akauliza kama nataka likizo ya uzazi.

Jumamosi ya kwanza nilikoroga unga, siagi ya mkebe, magadi, tangawizi na sukari guru iliyoyeyushwa, kwa kukisia. Zilitandazika katika sinia zikawa chapati moja, kisha zikaungua. Moshi ndio uliomwita jirani. Alisimama mlangoni, buibui mkononi, akasema, "Mwanangu, waunguza nyumba au waunguza unga?"

"Shikamoo, Mama," nikajibu, na aibu tele.

"Marahaba. Haya, nieleze."

Nilipomweleza, aliketi kitako juu ya kibao cha mbuzi akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba biskuti za mama yangu hazijui, ila azila tu. Ajuazo ni nankatai. Kama nataka, atanionyesha mkono wake, nami niutie ulimi wa mama yangu.

Hapa nitawaomba radhi niiache jikoni kidogo, maana habari ya nankatai yenyewe ilinishangaza nilipoisoma baadaye. Mimi nikidhani ni chakula cha Waswahili tangu zamani. Kumbe chimbuko lake ni Surat, katika nchi ya Gujarati, ambako Waholanzi walikuwa na kituo cha biashara tangu karne ya 17. Husimuliwa huko kwamba Waholanzi walipoondoka waliacha tanuri la mikate, na aliyerithi tanuri lile akaona wenyeji wengi hawataki kitu chenye mayai; basi akaondoa mayai, akatia samli, na baada ya muda iliki. Nusu ya jina lake, "nan", ni mkate kwa Kiajemi. Kisha ikavuka bahari pamoja na wafanya biashara Wagujarati hata kufika kwetu. Tena biskuti ya Kiingereza nayo, ukiitazama sana, yategemea tangawizi, mmea usiomea katika baridi ya Uingereza, bali asili yake ni Asia. Kwa hiyo biskuti hizo mbili ni kama watoto wa shangazi waliolelewa mbali mbali, wakakutana Mombasa juu ya jiko langu la makaa.

Turudi jikoni. Jumamosi ya pili tulikwenda Marikiti kununua iliki, mdalasini na tangawizi kavu. Yule bibi aliivunja kila iliki kwa jino kabla sijalipa. Tulipofika nyumbani alinikataza kijiko. Samli na sukari hupigwa kwa kiganja, mzunguko mmoja bila kugeuza, hata samli igeuke nyeupe na kuvimba kama povu. Mkono wangu wa kalamu ulichoka mara tatu. Sukari guru tuliitwanga ikawa unga badala ya kuiyeyusha, kwa maana ule umaji ndio ulioniharibia mara ya kwanza. Unga wa ngano haukandwi. Hukusanywa tu kwa vidole mpaka ushikane. Kisha vidonge, na kila kidonge kikandamizwe kwa dole gumba.

Moto ulikuwa wa juu na chini: sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, sinia ndani, na makaa juu ya kifuniko, machache kuliko nilivyodhani. Alama ya kuiva ni nyufa. Bibi alipofunua na kuziona nyufa zile, alicheka kama msichana.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na daftari, naandika. Unga vikombe 3. Samli kikombe 1 na robo. Sukari guru kikombe 1. Tangawizi vijiko 2 vya chai, iliki punje 10, mdalasini nusu kijiko, magadi nusu kijiko. Zikatoka biskuti 41. Nilimtilia zake katika sahani pale pale, akazikataa. Alisema kupika pamoja si kupelekewa sahani, nizilete siku yake ifikapo. Nikazipeleka asubuhi ya tarehe 24, nikabisha hodi kama mgeni.

Siku hiyo hiyo nilipanda basi hadi Voi, kisha matatu hadi Wundanyi, mkebe mapajani. Baba alikuwa ameketi nje. Jioni dada alileta chai, nami nikaufungua mkebe mbele yake bila neno. Aliitazama biskuti, akainusa, akaichovya katika chai kama alivyozoea kuzichovya za Mama. Biskuti yenye samli haistahimili hivyo, wasomaji. Ilikatika ikazama yote.

Dada yangu alinitazama. Baba aliitisha kijiko, akaitafuta ndani ya kikombe, akaila polepole mpaka ikaisha. Akachukua ya pili, safari hii bila kuichovya.

"Si zake," akasema.

"Ndiyo, Baba. Si zake."

"Nani aliyetia iliki?"

Nikamwambia habari za jirani, na za sahani. Alikuwa hajapata kuzisikia. Akatafuna, akauliza kama huyo bibi yu mzima, nikamjibu yu mzima. Kisha akasema samli imezidi, biskuti lazima iweze kuingia chai ikatoka, na kwamba mwaka ujao niipunguze.

Sikuwa na daftari. Nikatoa tiketi ya basi mfukoni, nikaandika nyuma yake: samli kikombe 1 tu, kwa amri ya Baba.