Handel Kwenye Kibaraza cha Fundi

Jioni ya Pasaka, kwenye kibaraza cha fundi cherehani hapa Songea, simu ya kijana mmoja ilikuwa ikicheza "Messiah" ya Handel, kazi iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Vijana walishangaa kwamba "Aleluya" wanayoiimba kanisani ina okestra nzima nyuma yake. Mjadala ukazuka. Mwanafunzi wangu akasema kwa ukali: "Mwalimu, huyu si Mjerumani? Huu ni muziki wa waliowanyonga babu zetu."

Si hoja ya kupuuza. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Majimaji mjini humu, miezi michache baada ya misheni ya Peramiho kuchomwa moto. Wengi wetu ni wajukuu wa mashujaa hao, na papo hapo ni zao la shule za misheni.

Nikajibu kisomi: kule Zanzibar, Culture Musical Club hupiga fidla pamoja na udi na ganuni, wala hakuna anayeiita taarab muziki wa Wazungu. Nikajiona nimeshinda.

Fundi, mwimba besi tangu ujana wake, akaninyoshea karatasi ya nota iliyochakaa. "Haya Dokta, tuimbie hapa."

Mimi na shahada zangu tatu, sikuweza. Akaimba yeye, kwa Kiswahili, huku akikanyaga cherehani polepole. Yule mwanafunzi hakubadili msimamo. Aliomba tu wimbo urudiwe, asikie fidla zinaingilia wapi.