Hasidi kwenye Meza ya Tanzania

Kila Aprili, barabara ya Court mjini Athens hufungwa kwa magari siku moja. Si Athens ya Ugiriki. Huu ni mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Ohio, barabara zake kadhaa zimetandikwa matofali, na kinachouweka hai ni Chuo Kikuu cha Ohio, kilichoanzishwa mwaka 1804. Siku hiyo wanafunzi wa kigeni hupanga meza barabarani: bendera, chakula, ngoma, kila nchi na vyake.

Mwaka wangu wa kwanza niliangukiwa na meza ya Tanzania. Tulikuwa Watanzania wawili tu, na mwenzangu alikuwa na mtihani. Nikakesha nasukuma chapati. Asubuhi, nikitafuta cha kutandika mezani, nikakumbuka kanga aliyonipa mama mdogo siku ya safari, ambayo tangu nifike nilikuwa sijaikunjua. Nikaitandika bila kuitazama mara mbili.

Mgeni wa kwanza alikuwa kijana wa Kimarekani anayesoma Kiswahili mwaka wa pili pale pale chuoni. Akaniamkia shikamoo, ingawa tulikuwa rika moja. Kisha akainama, akafuatisha maandishi ya kanga kwa kidole: "Hasidi hana sababu." Akainua uso. "Samahani, hasidi ni nani?"

Nyuma yake kulikuwa na bango la kushangilia urafiki wa mataifa. Nikamwambia ni mtu asiyefurahia mwenzake akipata. "Na yuko hapa?" akauliza, kwa nia njema kabisa. Mama mdogo angecheka mpaka machozi.

Meza ya jirani ilikuwa ya Wahindi. Dada mmoja wa Gujarati akaja, akachukua chapati yangu, akaikunjua tabaka kwa tabaka, akasema kwao chapati haizami mafuta namna hii. Hakuamini nilipomwambia nasi tunaiita chapati, na kwamba nyumbani haikosekani sikukuu. Nilitaka kumwambia na kanga nayo imezunguka: kwa miaka mingi ilichapwa Uhindi, Uholanzi, hata Japani, ikauzwa na watu kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa aliyesifika kwa chapa yake ya "Mali ya Abdulla", na kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichokuja kutuchapia zetu kilijengwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina. Lakini foleni ilikuwa ndefu. Nikaendelea kugawa "utamaduni wa Mtanzania" kwenye sahani za karatasi.

Sisemi haya kuibeza sherehe. Naijua kasoro yake, na kila mwanafunzi wa kigeni anaijua: Jumamosi unapigiwa makofi kwa vazi lako, Jumatatu unarudi jikoni kwenye bwalo ukihesabu saa zako, maana viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi ya chuoni kupita saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nyumbani nako hatuna la kujisifia sana. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilikosoma kwanza, mgeni alihesabiwa ada kwa dola, na hakuna aliyemfungia barabara hata dakika tano.

Ila Mlimani palikuwa na kitu ambacho sijakiona kwenye meza za Athens. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alikuja kufundisha pale, mara ya kwanza mwaka 1966, akarudi 1969 akakaa hadi 1974. Kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, na Tanzania Publishing House ilikuwa miongoni mwa wachapishaji. Yoweri Museveni wa Uganda alikuwa mwanafunzi pale hadi 1970, akiongoza umoja wa wanafunzi wanamapinduzi. John Garang wa Sudan naye alipita. Hao hawakuletwa waonyeshe vyakula vyao. Walikuja kubishana, na wenyeji wakabishana nao, kila mtu akajua mwenzake anafikiri nini kabla ya kujua kwao wanakula nini.

Mimi nilifika Mlimani miaka mingi baadaye, enzi za kusubiri bumu, yaani fedha za mkopo, na kuogopa kudisko, yaani kufukuzwa kwa kufeli. Kwenye vimbweta, zile meza za zege za kujisomea, tulikuwa na mwenzetu mmoja kutoka Lubumbashi, Kongo. Kila akisema "batoto" badala ya watoto, tulicheka. Tulimsahihisha kama walimu wa chekechea, na sisi wenyewe sentensi zetu nusu Kiingereza. Muhula wa pili akaacha kuja. Akawa anakaa na Warundi wawili upande wa maktaba, na hatukuuliza kwa nini. Somo la kubishana na mgeni kama mwenzako, ambalo nchi yetu iliwahi kulifundisha dunia, sisi tulikuwa nalo meza moja tukalifukuza.

Sasa rudi Athens. Mchana ule chapati zilikuwa zimebaki sita hivi. Akaja mama wa makamo na watoto watatu. Walikuwa wameendesha gari kutoka Columbus. Akaisoma kanga bila kuinama, akacheka kwa sauti, akanishika mkono. "Weye ni wa kwetu!" Alikuwa Mkongo. Meza ya Kongo haikuwepo mwaka ule. Nikamsogezea kiti.

Alikaa mpaka meza zinakunjwa. Alisema "batoto" labda mara hamsini, na sikusahihisha hata moja. Si kwa adabu. Nilikuwa na miezi minane sijaongea Kiswahili uso kwa uso na mtu wa rika la mama mdogo, na ile "batoto" yake iliniingia kama maji ya mtungi. Alipomweleza yule kijana wa Kimarekani maana ya hasidi, alieleza vizuri kuliko mimi, kwa mfano wa jirani yake wa zamani, jina na vituko vyote. Kijana akaandika kwenye daftari. Nilimwona ameandika na "batoto", pembeni akaweka alama ya kuuliza. Nikamwambia afute ile alama.

Watu huniuliza wapi nilipata elimu ya kimataifa, huku au kule. Kule nilikuwa nayo mikononi nikaichezea. Huku niliipata kwa sababu barabara ilifungwa, nikalazimika kukaa sehemu moja siku nzima na kila aliyepita. Kwa hiyo naitetea ile sherehe, na bendera zake na sahani zake za karatasi. Ninachoomba ni viti zaidi.

Aprili iliyofuata tuliomba meza iandikwe Kiswahili, si Tanzania. Wakenya wawili wakajiunga, mama wa Columbus akaja na sombe, kisamvu cha kwao. Kanga ni ile ile.

Na wewe ndugu yangu wa Lubumbashi, kama unasoma haya: nilikuwa mmoja wa wale waliocheka. Nikija likizo Dar, nadaiwa chai, na safari hii utaongea wewe.