Gari la Mtumba

Anunuaye gari jipya hununua chombo. Anunuaye gari lililokwisha tumiwa hununua siri ya mtu mwingine. Siri hiyo huwa imepakwa rangi, imesuguliwa nta na kutiwa manukato ndani, na muuzaji haoni sababu ya kuifumbua maadamu mnunuzi hajui kuuliza. Kwa majuma 12 sasa nimekuwa mwanafunzi wa siri hizi katika mji wa Dar es Salaam, nami naandika haya kwa kuwa wasomaji wengi wa kurasa hizi ni watu wa mshahara kama mimi, na yamkini watapita njia hiyo hiyo.

Haja yangu si ya fahari. Figo za mama yangu zimechoka, na mara tatu kwa juma sharti afikishwe hospitali akasafishwe damu. Atokapo huwa dhaifu. Hawezi kusimama katika daladala wala kukaa juu ya pikipiki. Gari langu la zamani lilipasuka injini, likaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fedha yake pamoja na akiba yangu ikawa shilingi 9,000,000. Tangu siku hiyo teksi hutwaa shilingi 30,000 kwa kwenda na kurudi, yaani 90,000 kwa juma, na fedha hiyo hutoka katika mfuko ule ule wa gari. Basi kila juma ninalolitumia kuchagua kwa uangalifu hunipunguzia uwezo wa kukinunua nitakachokichagua.

Wenzangu walinishauri niagize Japani. Ushauri wao una maana. Huko gari dogo hukaguliwa kwa sheria miaka 3 baada ya kusajiliwa likiwa jipya, na tangu hapo kila baada ya miaka 2. Ukaguzi una gharama, na wengi huona afadhali kuuza kuliko kuligharimia gari linalozeeka. Tena Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wao unatufaa. Lakini bei ya huko si bei ya hapa. Juu ya bei na nauli ya meli huja ushuru wa forodha, kisha ushuru wa bidhaa, na juu ya jumla ya hayo yote kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Yaani kodi nayo hutozwa kodi. Gari la abiria lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa sababu ya uzee wake. Naielewa nia ya sheria hiyo: nchi haitaki kuwa jaa la vyombo vilivyochakaa ng'ambo. Walakini kwa mtu wa kima changu matokeo ni haya, kwamba gari kuukuu ninaloweza kulinunua Japani siwezi kulitoa bandarini, na lile changa ambalo ushuru wake ni mwepesi siwezi kulinunua.

Yakabaki magari yaliyokwisha ingia nchini, na mlango wa hayo unalindwa na madalali. Kwao umri wa gari hutajwa kwa herufi ya namba yake: namba C, namba D, namba E, kana kwamba gari huzaliwa siku litiwapo kibao chetu. Toyota IST iliyoundwa mwaka 2004, ikiwa na namba E, ni kijana machoni pa dalali.

“Mzee wangu, gari imenyooka hii,” aliniambia mmoja. “Injini haijafunguliwa. Ilikuwa ya mama mmoja, ya kwenda kazini na kurudi tu.”

Akina mama hao, ambao kwa maneno ya madalali ndio waliomiliki nusu ya magari ya mji, sikupata kuonana na hata mmoja wao.

Fundi wangu ni mtu wa maneno machache. Hutembea na sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa. Huipitisha juu ya mlango na mabawa, na pale isiposhika hujua kwamba chini ya rangi mna puti badala ya bati. Gari la kwanza lilionyesha kuwa limetembea kilomita 68,000, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hata ukawa laini kama kokoto ya mtoni. La pili lilipendeza mno. Fundi aliuvuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake, akanionyesha mstari wa matope makavu.

“Hili limekunywa maji, mwalimu,” akasema, akaurudisha mkanda taratibu.

Mvua za mwaka 2023 na 2024 zilifurisha mitaa mingi, na siku hizi nauvuta mkanda kabla ya kuitazama injini. La tatu tulilikuta limekwisha pashwa moto kabla hatujafika. Tulirudi siku nyingine alfajiri bila kutoa taarifa, likawashwa likiwa baridi, likatoa moshi wa buluu wa oili inayoungua. Mwenyewe alikasirika, akasema hatuna adabu ya kuja mapema namna ile.

Hatimaye nimeonana na mwanamke mwenye gari kweli. Ni mjane, gari lilikuwa la marehemu mumewe, na daftari la matengenezo limo ndani, limeandikwa kwa mwandiko wa marehemu hata kubadilisha plagi. Sumaku ilishika kila mahali. Bei yake ni shilingi 7,500,000. Lakini kadi ingali kwa jina la marehemu, na halihamishiki mpaka Mahakama ya Mwanzo imthibitishe mjane kuwa msimamizi wa mirathi. Dalali mmoja aliposikia alijitolea kuleta sahihi ya marehemu kwa shilingi 50,000. Mjane alimtazama, akamwomba atoke uani.

Shauri litasikilizwa baada ya majuma 6. Leo nina shilingi 7,920,000. Majuma 6 ni safari 18, na safari 18 ni shilingi 540,000. Siku ya hukumu nitakuwa na 7,380,000. Nilimweleza mjane hesabu hiyo bila kuficha. Alinyamaza, kisha akauliza mama husafishwa damu siku zipi, na saa ngapi.

“Mwanangu ana leseni,” alisema. “Jumatano hana kazi.”